Chombo cha mabegani: niliyojifunza nikiunda mtumbwi wa papi za mwerezi

Kaskazini ya Minnesota, jimbo la Marekani, mpakani na Kanada, kuna hifadhi iitwayo Boundary Waters: zaidi ya ekari milioni 1 za msitu, na ndani yake maziwa yanayopita 1,000. Kwenye sehemu kubwa ya maziwa hayo injini ni marufuku. Msafiri hupiga kafi mpaka ziwa likaisha, hushuka, huutia mtumbwi mabegani, hupita nao msituni mpaka ziwa la pili, kisha huanza tena. Njia hizo za nchi kavu hupimwa kwa rodi, kipimo cha zamani cha wapima ardhi, kila rodi kama mita 5. Ramani ikikuandikia 180, jua una mita 900 za kubeba, juu ya mawe na mizizi, na magurudumu ya kukokotea hayaruhusiwi ila kwenye njia chache. Ndiyo maana watu wa huku, kabla hawajauliza mtumbwi wako unakwenda vipi majini, huuliza una kilo ngapi.

Mimi ni mtoto wa Nungwi, Unguja. Kwetu chombo kikishashuliwa makao yake ni maji, na nchi kavu hupandishwa kwa haja: kuchomwa moto chini wadudu wafe, kukalafatiwa, kupakwa shahamu, kisha kirudi. Kuvuta jahazi ni kazi ya kijiji. Watu wakishashika kamba na mwimbishaji akatoa sauti, uzito haumsumbui mtu. Ami yangu aliunda mashua maisha yake yote, na sikumbuki kumsikia akiupima ubao kwa nia ya kuupunguza. Ubao mnene ulikuwa ubao mzuri. Nilipoamua kujiundia mtumbwi wangu hapa karibu na Duluth, ilinibidi nijifundishe upya kuutazama kila ubao, kila parafujo na kila kikombe cha gundi kuwa ni mzigo nitakaoubeba mwenyewe, kwa mabega yangu.

Mtumbwi wa aina hii hauna mkuku wala mataruma. Unachukua papi za mwerezi zenye unene wa milimita 6 na upana wa sentimita 2 hivi, unazipanga moja baada ya nyingine juu ya viunzi vilivyokatwa kwa umbo la mtumbwi, unazigandisha kwa gundi ukingo kwa ukingo, kisha unaufunika mwili mzima kwa kitambaa chembamba cha faiba, yaani nyuzi za kioo, kilicholoweshwa epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Baadaye viunzi hutolewa, na ndani nako hufunikwa vivyo hivyo. Kinachobaki ni ganda la tabaka tatu: faiba, mbao, faiba. Upapi wa mwerezi peke yake unauvunja gotini. Faiba ya unene ule peke yake hupinda ovyo. Lakini zikishagandamana barabara, ukiusukuma ubavu kwa mkono, ngozi moja ya faiba inavutwa na ya pili inabanwa, na mbao iliyo katikati inazizuia zisikaribiane wala zisiteleze. Nguvu inatoka kwenye umbali baina ya zile ngozi mbili, na umbali huo unataka kujazwa kwa kitu chepesi kupita vyote unavyoweza kupata. Mwerezi mwekundu wa magharibi mwa Amerika ukiwa mkavu haufiki kilo 400 kwa mita ya ujazo. Hapo ndipo nilipoacha kuutamani ubao mnene.

Swali la uzito wenyeji wa nchi hii walilitatua zamani sana. Waanishinaabe waliunda, na wapo wanaounda hata leo, mitumbwi ya magome ya mti wa birchi yaliyoshonwa kwa mizizi, maungio yakazibwa kwa utomvu, na ndani mbavu nyembamba za mwerezi. Hamna msumari. Aliyewahi kusikia habari za mtepe wa pwani yetu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi, hatashangaa. Katika karne ya 19 mafundi wa Peterborough, Ontario, wakaipa sura hiyo hiyo mwili wa mbao nyembamba. Faiba ilipofika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wapiga kafi wa mashindano wa Minnesota, akiwemo mchoraji mitumbwi Eugene Jensen, wakaifunika juu ya papi za mwerezi ili wapate chombo chepesi cha kushindania. Huo ndio ukoo wa mtumbwi wangu.

Kazi yenyewe huanza bila hata upapi mmoja. Unatengeneza boriti ndefu ya plaiwudi iliyonyooka, unaipigia pima maji, unaipigia uzi, halafu unasimamisha viunzi juu yake kila baada ya sentimita 30. Wengi huku huharakisha hapa kwa sababu hakuna cha kuwaonyesha wageni. Mimi nilikaa hapa muda mrefu kuliko nilivyodhani nitakaa, na siujutii hata kidogo. Ami hakuwa na mchoro. Alikuwa akichuchumaa upande wa omo, yaani mbele ya chombo, anafumba jicho moja, anaupeleka mwangaza wa jicho la pili juu ya ubao mpaka tezi, yaani nyuma, na akinyanyuka tayari anajua pa kupitisha tezo. Nilifanya hivyo hivyo kwenye viunzi. Unachukua upapi mmoja mrefu, unaulaza juu yake bila gundi, unautazama kwa mbali. Ukiacha mwanya juu ya kiunzi kimoja, kiunzi hicho kimelala chini ya wenziwe. Ukiumuka mahali, hapo kiunzi kimezidi. Jirani yangu, mzee aliyeunda mitumbwi kadhaa kabla yangu, alikuja jioni moja na kikombe chake cha kahawa, akasimama nyuma yangu kimya, kisha akaniambia, "Usitazame viunzi. Tazama pale pasipo na kitu, baina ya kiunzi na kiunzi." Ni kweli. Kiunzi kitaondolewa, ile nafasi ya katikati ndiyo itakayobaki kuwa mtumbwi.

Papi nilizipasua mwenyewe kwa msumeno wa meza, kisha nikazipitisha kwenye mashine ili ukingo mmoja uwe mviringo na wa pili uwe na mfereji, upapi uukalie mwenziwe hata pale ubavu unapopinda. Yeyote atakayejaribu kazi hii aishike nasaha hii kwa mikono miwili: vumbi la mwerezi mwekundu lina madhara. Ndani yake mna asidi inayojulikana kuwasababishia pumu wafanyakazi wa viwanda vya mbao. Harufu yake ni nzuri, tamu kiasi, na uzuri huo ndio unaomfanya mtu aone hakuna haja ya kuziba pua. Vaa barakoa ya maana, yenye vichujio, na fungua mlango hata kama nje kuna theluji.

Kuzipanga papi ni raha tupu. Unaanzia upande wa mdomo wa mtumbwi, unapanda kuelekea tumbo, kwa kuwa mtumbwi umelala kifudifudi. Unapaka gundi ya seremala kwenye mfereji, unaukalisha upapi, unaushika kwa pini za stepla kwenye kila kiunzi, na baina ya viunzi unabana kwa mikanda na vijiriwa. Wapo wasiotaka stepla kwa sababu huacha vitundu. Mimi naona vitundu hivyo ni vidogo, epoksi huviziba, na vinasimulia namna mtumbwi ulivyoundwa. Kazi ngumu ipo kwenye omo na tezi, ambako upapi unatoka kusimama wima mpaka kulala karibu ubapa katika urefu wa hatua moja. Unauviringisha kwa mkono polepole huku ukiusikiliza. Mwerezi ukitaka kuvunjika hulia kwanza, mlio mdogo wa nyuzi kuachana, na fundi mwenye subira husimama hapo hapo, akapitisha kitambaa cha maji ya moto na kungoja.

Mwisho inabaki nafasi ndogo katikati ya tumbo, ndefu, iliyochongoka pande zote mbili. Upapi wa kuijaza unachongwa kwa randa, unajaribiwa, unachongwa tena, mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja. Huku watu wana desturi ya kumimina kinywaji kikali upapi huo ukiingia. Mimi nilimwita yule mzee, mke wangu akaleta kahawa na halua aliyoipika mwenyewe, nikasoma dua ndogo, na mzee akainamisha kichwa mpaka nilipomaliza.

Kisha randa na msasa. Hapa unapunguza uzito kwa mikono, lakini kwa mpaka, maana ukiranda sana ukaifikia milimita 4 umeziweka zile ngozi mbili karibu mno, na nguvu imepungua kuliko ule uzito uliouokoa. Msasa niliugandisha kwenye kibao kirefu kinachopinda, kwani msasa mfupi huchimba mabonde. Usiku nilizima taa ya juu, nikaweka taa moja chini ubavuni mwa mtumbwi, mwanga ukapita sambamba na mbao, na kila kifundo kikatoa kivuli chake. Kisha nikafumba macho nikapitisha kiganja. Kiganja kinasikia yale ambayo jicho limeyapita.

Sasa faiba. Kama kuna mahali pa kuutia mtumbwi unene au kuuokoa nao, ni hapa, na ndiyo sababu nataka kulieleza jambo hili taratibu. Kitambaa nilichotumia ni cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Unakitandika kikavu juu ya mtumbwi, unakilaza kwa brashi laini mpaka mikunjo yote iishe. Ni cheupe, huoni mbao. Unachanganya epoksi kidogo kidogo kwenye vikombe, kwa vipimo visivyobahatishwa, kwa sababu epoksi iliyokosewa kipimo haigandi kamwe. Unaimimina katikati, unaisambaza kwa kibao laini cha plastiki, na kitambaa kinayeyuka machoni pako: weupe unaondoka, na chini yake rangi za mwerezi zinapanda, kahawia, nyekundu, manjano ya asali, kila upapi na rangi yake. Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliita watoto waje watazame.

Uzuri huo unampumbaza mtu. Unapenda uendelee kumimina mpaka pang'ae. Lakini kitambaa kimeshalowa na kung'aa ni dalili kwamba kinaelea juu ya epoksi, hakijaikalia mbao. Epoksi ile ya ziada haiongezi nguvu, inaongeza kilo. Kwa hiyo baada ya kulowesha unarudi na kile kibao, unakwangua kwa mkono thabiti kutoka kwenye uti wa tumbo kushuka mdomoni, na unachokikwangua unakitupa kwenye kopo. Ukimaliza, uso unatakiwa uwe umefifia kidogo na ufumaji wa kitambaa uonekane. Tabaka ya pili na ya tatu ndizo zitakazouziba ufumaji huo, nazo hupakwa kwa rola kabla ya ile ya kwanza kukauka kabisa ili zishikane bila kupigwa msasa.

Joto nalo lina amri yake. Mbao zina hewa ndani. Chumba kikizidi kupata joto huku epoksi ingali mbichi, hewa inatanuka, inatoka, na inaacha mapovu chini ya faiba. Mafundi wa huku huwasha moto chumbani tangu asubuhi mpaka mbao zishibe joto, kisha huupunguza wanapoanza kupaka, ili mbao zikipoa zivute epoksi ndani. Na ikishakauka, epoksi nyingi huacha utelezi wa nta juu. Huo unaoshwa kwa maji na kitambaa cha kukwaruza kwanza, ndipo msasa. Ukiupiga msasa bila kuuosha unausukumiza ndani, na vanishi haitakamata. Glavu zisikutoke mkononi, maana ngozi ikishaikataa epoksi mara moja, huikataa maisha.

Ndani ya mtumbwi ni kugumu kuliko nje, unafanya kazi ndani ya bakuli na epoksi yote inateremkia chini. Ndani nilipaka tabaka chache zaidi kwa makusudi, ufumaji wa kitambaa ukabaki ukihisika kwa vidole. Mguu wenye maji hautelezi hapo, na kilo zimebaki dukani.

Viunzi vikishatoka, mtumbwi hutisha. Ukiushika mdomo pande mbili unafunguka na kufumba kwa nguvu ya vidole. Uimara wake unakamilika kwa mbao za ukingo, moja ndani na moja nje, ndefu kutoka omo mpaka tezi. Nilitumia mti wa ashi, mgumu na wenye kukubali kupinda. Miti hiyo huku inakufa kwa wingi kwa mdudu wa kijani aliyetoka Asia, aliyegunduliwa Minnesota mwaka 2009, na inaniuma kuona fundi wa kesho huenda akaukosa. Ubao wa ndani niliutoboa madirisha marefu marefu kila baada ya nafasi ya kiganja. Yanaondoa uzito, yanatoa mahali pa kufungia kamba za mizigo, na mtumbwi ukipinduliwa ufukweni maji yote humwagika bila kubakia pembeni.

Viti ndivyo nilivyovipenda kuliko kitu chochote. Huku watu hununua viti vilivyosukwa kwa henzirani au mikanda ya nailoni. Mimi nilitengeneza fremu za ashi, nikaziwamba kwa kamba, kama bibi yangu alivyokuwa akiwamba vitanda uani. Unapitisha kamba za urefu kwanza, zote, kwa mkazo mmoja, ukizigonga kwa kidole zitoe sauti moja. Kisha za upana, juu mbili, chini mbili, ukizibana kwa kijiti kila ukimaliza mstari. Kamba nilitumia ya nailoni kwa kuwa ya usumba ikilowa kila siku huoza. Viti hivyo huninginizwa chini ya mbao za ukingo kwa boliti. Urefu wake si jambo la starehe peke yake: kiti kikipanda, mtumbwi hupata wasiwasi, na kikishuka mno mtu aliyepiga magoti miguu yake hunasa chini yake wakati wa kupinduka. Nilivipima kwa kuvaa viatu vyangu vya safari, nikapiga magoti, nikahakikisha mguu unachomoka.

Nira inakuja mwisho kabisa. Ni ubao wa kukingama katikati, uliochongwa kuzunguka shingo na kulala mabegani. Mchoro hukuonyesha katikati ya mtumbwi kwa sentimita, lakini mtumbwi wenye viti na vifuniko vya omo na tezi hauna tena katikati ya mchoro. Niliulaza juu ya gongo la duara, nikausogeza mpaka ukasimama mlalo kama mizani, nikatia alama, kisha nikaisogeza nira mbele ya wizani ule, kuelekea omo, kwa upana wa kidole. Hivyo tezi inashuka kidogo na omo inanyanyuka, ukitembea unaiona njia mbele yako badala ya kuona miguu yako. Mizani ilisoma kilo 26 kwa mtumbwi wa futi 17. Ule wa alumini wa urefu huo huo, ulioenea huku tangu kiwanda cha ndege cha Grumman kilipoanza kuitengeneza baada ya vita, una kilo 34 hivi. Mwisho wa rodi 180, kilo 8 zinajulikana.

Tuliushua mimi na mwanangu wa kike, watu wawili tu, tena tukitembea. Nilikuwa nimeshauandikisha, kwa kuwa Minnesota inataka kila mtumbwi unaozidi futi 10 uwe na namba, hata wa kujiundia nyumbani, na kila aliyemo awe na jaketi lake la kujiokolea. Majini ulikimbia kwa kafi mbili nyepesi na hukusikia mlio wa maji kwenye omo. Wepesi nao una gharama yake. Upepo ukivuma ubavuni na mtumbwi ni mtupu, unasukumwa kama unyoya, na mwenye kupiga kafi peke yake inambidi apige magoti karibu na katikati au aweke mzigo omoni. Hilo nimelijua kwa mikono na sasa siondoki ufukweni bila kutazama vilele vya miti.

Binamu yangu wa Nungwi aliponiona kwenye picha aliuliza kama chombo hiki kingefaa kwetu. Nilimjibu kwamba hakifai. Ngalawa ya mwembe hupanda juu ya matumbawe, huburuzwa, hupigwa na wimbi la kasikazi, na siku ya pili inakwenda kuvua. Milimita 6 za mwerezi zingepasuka kwenye jiwe la kwanza, na jua letu lingeila epoksi. Hata huku, epoksi isiyofunikwa kwa vanishi yenye kinga ya jua hugeuka manjano na kuanza kupasuka.

Kwa hiyo kila majira ya kuchipua naupitishia msasa mwembamba, napaka vanishi tabaka mpya, naikagua faiba. Mkwaruzo unaoishia kwenye vanishi nauacha. Ule ulioikata faiba mpaka mbao nauacha ukauke siku kadhaa ndani ya nyumba, kwani mbao zenye maji zikizibwa huoza, kisha nausugua kuuzunguka, nakata kiraka cha kitambaa kikubwa kuliko jeraha, nakilowesha, nakikwangua. Baridi ikiingia unalala kifudifudi juu ya farasi mbili za mbao, vile vitegemeo vya miguu vya seremala, ukibebwa na ukingo wake, mbali na jua la dirishani na mbali na paa linaloangusha theluji.